Hukumu ya Wimbo Kabla ya Zama za Wahakiki

Kabla magazeti ya Kiswahili hayajatenga safu za kuhakiki muziki, na kabla bendi isiyo na tajiri wa kuibeba haijazoea kumpelekea mwandishi albamu yake pamoja na maombi ya kutajwa kwa wema, waimbaji wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na njia zao za kupata hukumu juu ya kazi zao, na hukumu hiyo aghalabu ilikuwa ya wazi, kali, tena yenye kutolewa usiku uleule wimbo ulipoimbwa. Mwenye kuichunguza historia hiyo kwa makini ataona kwamba vyombo vilibadilika na mahakimu wakabadilika, lakini kanuni moja haikubadilika: uzito wa hukumu ulitokana na kile alichokubali kukitoa mwenye kuhukumu.

Taarabu ya Unguja ilianza mahali ambapo hakimu alikuwa mmoja tu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, husimuliwa kuwa ndiye aliyewaalika watribu wa Misri katika kasri lake, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ala ya kanuni, naye aliporejea akawafunza wengine. Na kwa kuwa nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu mbele ya sultani na watu wa daraja yake, mwimbaji hakuwa na haja ya kutafuta ridhaa ya mtu mwingine. Mwaka 1905 ilipoundwa Ikhwani Safaa, muziki huo ulitoka kasrini ukaingia mikononi mwa mabwana wa mjini, ambao walikuwa wachezaji na wasikilizaji kwa wakati mmoja, na sifa yao ilizunguka baina yao wenyewe.

Mitaani, kinyume cha hayo, hakimu alikuwa mshindani. Katika ngoma ya beni, iliyoenea kutoka pwani hadi bara, makundi ya Marini na Arinoti yalitafutana kwa mavazi, kwa magwaride, kwa karamu na kwa nyimbo; Mombasa na Lamu zilikuwa na mashindano yao ya namna hiyohiyo, na wanawake wa ngoma ya lelemama hawakuwa nyuma. Hapo hapakuwa na mtu wa pembeni aliyeombwa atoe maoni. Wimbo ulioshinda ulijulikana kwa jinsi upande wa pili ulivyohangaika kuutungia jawabu, na ule uliopita bila kujibiwa ulihesabiwa kuwa umekufa, hata kama sauti iliyouimba ilikuwa tamu namna gani.

Desturi ya kutunza, ambayo taarabu ya wananchi imeihifadhi hadi leo, iliifanya hukumu hiyo ionekane kwa macho. Mwimbaji akiwa katikati ya ubeti, mwanamke huinuka katika safu za wageni, hutembea taratibu kwa mwendo wa kucheza huku ameshika noti juu ili kadamnasi nzima imwone, naye asiwe na haraka yoyote hasa anapopita mbele ya yule ambaye maneno ya wimbo yanamgusa, kisha humtia mwimbaji noti mkononi na kurudi kwa madaha yaleyale. Tendo hilo moja husema mambo mawili, kwamba sauti ni nzuri na kwamba maneno yamefika, na aliyelitenda ameyasema yote mawili kwa fedha yake na kwa jina lake, mbele ya watu watakaomkumbusha kesho. Haikuwa hukumu isiyo na ila, kwani mara nyingi ugomvi wa mitala au wa majirani ulituzwa kuliko ufundi, na utunzi murua uliokosa mtu wa kumchoma ungeweza kupita kimya. Lakini mwimbaji alirudi nyumbani akijua bila shaka yoyote ni ubeti upi uliowainua watu vitini.

Aliyepitia hukumu za namna zote hizi ni mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880 au karibu nayo, katika nyumba ya wafinyanzi, akauza vyungu kwa kutembeza, na mwaka 1911 akahamia mjini, ambako alijifunza uimbaji na hatimaye akaungana na mafundi waliojulikana kwa majina yao, kama vile Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Waliimba kwa Kiswahili mambo ambayo wasikilizaji wao waliyajua, yakiwamo mauaji na kesi zilizozungumzwa mjini, na wenye husuda wakamtungia wimbo wa kumkebehi kwa nasaba yake duni, kwa sura yake na kwa vyungu alivyovichuuza. Yeye hakulalamika wala hakutafuta mtetezi, bali aliimba jawabu, maana yake ikiwa kwamba nasaba na sura si kitu kwa mtu aliyepungukiwa na busara, na jawabu hilo likakumbukwa kuliko shutuma yenyewe. Hakuna mhakiki wa gazeti ambaye angeweza kumfanyia kazi kubwa kuliko ile aliyofanyiwa na mahasimu wake.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimsafirisha yeye na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na kwa safari hiyo wimbo wa Kiswahili uliweza kwa mara ya kwanza kufika mahali ambapo mwimbaji wake hakufika. Santuri za wakati ule zilichukua dakika kama tatu hivi kwa upande mmoja, hivyo nyimbo zilizozoea kurefuka kwa kadiri ya furaha ya waliohudhuria zililazimika kukatwa kwa kipimo cha mashine; na kwa kuwa santuri ziliuzika upesi, makampuni mengine, Columbia na Odeon yakiwamo, nayo yaliingia sokoni bila kukawia. Watu walikusanyika penye gramafoni, katika migahawa na mabarazani, wakasikiliza, wakabishana. Lakini sifa zao hazikumfikia aliyeimba, kwa maana tuzo sasa ililipwa dukani, na aliyejua ni wimbo gani uliopendwa alikuwa wakala mwenye daftari la mauzo. Mnunuzi bado alihukumu kwa fedha yake. Kilichokatika ni njia ya hukumu kumrudia mhukumiwa.

Tahakiki ya kalamu ilichelewa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kujibizana kutoka mji hadi mji, lakini uwanja huo ulikuwa wa tungo zilizoandikwa, ambamo sauti na ala hazikuwa na nafasi. Siti alifariki mwaka 1950, na kitabu kikubwa cha kumweleza, wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, kilichapwa baada ya kifo chake. Nacho, kwa tabia ya mwandishi wake, kilimsifu zaidi kwa subira na hulka njema kuliko kwa namna alivyoipandisha na kuishusha sauti.

Redio ilileta hakimu wa aina nyingine. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, iligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam; na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, studio ya redio ikawa mlango mkuu wa bendi za dansi. Kabla ya kurekodiwa, mashairi ya wimbo yalipitiwa na kamati, ambayo ilitazama kwanza kama maneno yanafaa kwa taifa, na wimbo uliokataliwa haukuwa na wa kumkatia rufaa. Bendi nyingi nazo hazikuwa huru, kwani ala zilikuwa mali ya mwajiri: NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na majeshi na mashirika ya umma yakawa na bendi zao. Aliyetaka santuri alifuata njia ya Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye sifa yake ilivuka mipaka kabla hajafariki kwa ajali huko Kenya mwaka 1979.

Hata hivyo kamati haikuwa ya kwanza wala ya mwisho kuhukumu. Wimbo mpya ulianza ukumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na wachezaji wakikaa vitini ulirekebishwa au ukaachwa. Ukishatoka redioni uliwasubiri wasikilizaji walioandika barua kuomba urudiwe na kutuma salamu kwa jamaa zao. Kamati iliweza kuufungia wimbo mlango, lakini haikuweza kumpendezesha mtu yeyote, kwa sababu haikutoa chochote chake: si fedha, si jina, si mguu mmoja wa kucheza.

Miaka ya 1990 ilileta redio za watu binafsi, na milango ikawa mingi, ila kila mlango ukawa na bawabu wake. Bendi huru inayotafuta leo neno la mhakiki haitafuti jambo geni, kwani inaomba kile ambacho mwimbaji wa taarabu alikipata bila kuomba, yaani mtu aliyesikiliza mpaka mwisho na akakubali kuonekana kwa alichokihukumu. Makala yenye sifa tupu, iliyonakiliwa katika karatasi ya utambulisho ambayo bendi yenyewe imeiandika, haina uzito zaidi ya muhuri wa kamati. Na makala yenye lawama iliyofikiriwa, ambayo mwandishi ameweka chini yake jina lake na heshima yake kwa wasomaji, yaweza kuifaa bendi kama mahasimu walivyomfaa Siti. Basi bendi na ichague wahakiki kwa kutazama wanachokihatarisha, nayo iwe tayari kujibu kwa wimbo.