Damu, Chumvi na Kambi za Migodi: Wagonjwa wa Akili wa Johannesburg

Juu ya kilima cha Braamfontein, kaskazini ya kitovu cha Johannesburg, mtaa wa Hospital umebeba taasisi mbili ambazo mpita njia hana sababu ya kuzihusisha. Upande mmoja ipo Mahakama ya Katiba, iliyohamia huko mwaka 2004 katika viwanja vya gereza la kale walimowahi kufungwa Mohandas Gandhi na Nelson Mandela. Si mbali na hapo limesimama jengo lililosanifiwa na Herbert Baker kwa ajili ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1912 kwa fedha za serikali na za wenye migodi ya dhahabu. Wenye migodi hawakusukumwa na huruma. Vijana walioletwa kutoka nchi za joto, kama vile Nyasaland na kaskazini ya Msumbiji, walikuwa wakifa kwa kichomi kwa wingi uliotia aibu hata serikali ya wakati ule, na mwaka 1913 ikapigwa marufuku kuwaajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22. Maabara ilijengwa ili mwili wa mchimbaji upimwe, uelezeke, na urudi kazini.

Akili ya mchimbaji huyo haikuwa na maabara. Alipoanza kusema peke yake usiku kucha kambini, alipogawa mshahara wake wote kwa watu asiowajua au alipokataa kula na kuinuka kitandani, njia yake ilipitia polisi na hakimu hadi hospitali ya vichaa. Ugonjwa ambao Emil Kraepelin aliutenga na skizofrenia mwaka 1899, na ambao leo huitwa bipola, una sura hizo mbili. Kuna majira ambayo mtu hupanda, hasemi ila kwa kasi, halali, hachoki, anajiona tajiri au mteule; na kuna majira ya kushuka katika sonona inayoweza kumfikisha kwenye kujiua. Katikati ya majira hayo anaweza kuwa mzima kabisa, na hapo ndipo ugonjwa huu unapowatatiza majirani: aliyekuwa kichaa mwaka jana ndiye mwalimu mzuri mwaka huu. Anayemwona katika msimu mmoja tu hawezi kuutambua. Daktari anahitaji muda, kumbukumbu zilizotunzwa, na ndugu wa kusimulia mambo yalivyokuwa. Mfumo wa kazi za migodini uliwanyima wagonjwa vitu hivyo vyote vitatu.

Unyimaji huo ulipewa jina la sayansi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Nairobi. J. C. Carothers alishika uongozi wa hospitali ya Mathari mwaka 1938 na kukaa hadi 1950. Aliwahesabu wagonjwa walioletwa kwake, akaona wenye sonona ni wachache, akahitimisha kwamba Waafrika hawaugui sana sonona kwa sababu hawana hisia ya kuwajibika binafsi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimchapishia kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Kosa lake lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la siasa, ingawa siasa ndiyo iliyofanya lisionekane. Hospitali ya kikoloni ilipokea watu waliosumbua. Mwenye kupanda huvunja, hupiga kelele, huvua nguo sokoni, na askari humkamata. Mwenye sonona hujifungia nyumbani, na hakuna askari anayemwendea mtu aliyenyamaza. Margaret Field alipokaa kwenye mahali pa ibada za jadi za Waashanti nchini Ghana aliwakuta wanawake wengi wenye sonona kali wakija kujishitaki kuwa wachawi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1960. John Orley na John Wing, walipowahoji watu nyumbani kwao katika vijiji viwili vya Uganda, waliikuta sonona kwa wingi kuliko miongoni mwa wanawake wa Camberwell, London. Hiyo ilikuwa mwaka 1979. Ilichukua zaidi ya miaka 25 baada ya kitabu cha Carothers kwa mtu kubisha hodi, kuuliza, na kulinganisha majibu.

Wakati Carothers akihesabu Mathari, dawa ilikuwa inagunduliwa kwingine. John Cade, daktari aliyewahi kuwa mfungwa wa Wajapani vitani, alikuwa akiwadunga simbilisi mikojo ya wagonjwa katika hospitali ndogo ya Bundoora, Melbourne, akitafuta sumu ya wazimu. Alitumia chumvi ya lithiamu kama kiyeyushi tu. Wanyama wakatulia. Akaijaribu mwenyewe, kisha akawapa wagonjwa, na Septemba 1949 akachapisha taarifa juu ya wagonjwa 10 waliokuwa wamepanda, pamoja na wengine wachache wenye skizofrenia na sonona. Wale 10 walipata nafuu kubwa. Lakini lithiamu haina nafasi pana kati ya dozi inayoponya na dozi inayoua. Mgonjwa wa kwanza wa Cade alikufa kwa sumu yake mwaka 1950, na Cade akaacha kuitumia kwa muda. Waliookoa ugunduzi huo ni Charles Noack na Edward Trautner, palepale Melbourne, ambao kufikia 1951 walikuwa wamewatibu wagonjwa zaidi ya 100 wakipima kiasi cha lithiamu katika damu. Mwaka 1954 Mogens Schou wa Denmark alithibitisha nguvu yake kwa jaribio la kulinganisha, na Marekani ikaikubali mwaka 1970.

Lithiamu yenyewe ni rahisi mno. Ni chumvi ya ardhini, na hakuna kampuni inayoweza kudai imeibuni. Gharama yake ni uangalizi. Damu lazima ipimwe mara kwa mara, figo na tezi ya shingo zichunguzwe, na mgonjwa apate maji na chumvi ya kawaida bila kukatizwa, kwa sababu mwili ukikauka lithiamu hupanda katika damu na kuwa sumu. Anayeharisha siku mbili bila maji yumo hatarini. Kwa hiyo dawa hii inadai maabara, faili linalomfuata mgonjwa, na mtu wa kumwangalia. Maabara ya kuipima haikuwa shida Johannesburg, mji uliojengewa taasisi yake juu ya kilima tangu 1912.

Kuanzia mwaka 1963 serikali ya ubaguzi iliwakabidhi wagonjwa weusi kwa kampuni binafsi ya Smith, Mitchell and Company. Kampuni ilitumia kambi za migodi zilizoachwa, katika maeneo kama Randfontein magharibi ya Johannesburg, na serikali ikailipa kwa kila mgonjwa kwa kila siku. Hatua hiyo ni ya kutafakariwa kwa ukali wake wa kihesabu: mabweni yaleyale yaliyowalaza wachimbaji yaligeuzwa kuwa hospitali, na mtu aliyekuwa na thamani kwa dhahabu aliyochimba sasa alikuwa na thamani kwa kulala tu. Kampuni inayolipwa kwa siku haina haraka ya kumponya mtu. Kufikia miaka ya 1970 walikuwamo humo maelfu ya watu.

Habari zilivuja mwaka 1975 kupitia Kanisa la Scientology, lenye ugomvi wake wa muda mrefu na taaluma nzima ya magonjwa ya akili. Shahidi huyo hakuwa msafi, na wakubwa walifurahi kumsema yeye badala ya kujibu hoja. Mwaka 1976 Bunge lilirekebisha sheria ya afya ya akili na kufanya kuwa kosa kuchapisha picha za taasisi hizo. Shirika la Afya Duniani, lililochapisha kitabu cha Carothers 1953, mwaka 1977 lilitoa ripoti ya kuulaani mfumo huo. Kamati ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani ilifika mwaka 1978, na ripoti yake ya 1979 ikasema kwamba wagonjwa weusi walikuwa wakifa vifo visivyo vya lazima.

Kampuni ilibadilisha jina, ikawa Lifecare, na hatimaye Life Esidimeni. Neno hilo katika lugha za Kinguni lina maana ya mahali penye heshima ya utu. Haki inataka isemwe kwamba miaka ilipopita hali ilikuwa bora kuliko ya kambi za awali: kulikuwa na wauguzi, faili, na vidonge kwa wakati. Mnamo Oktoba 2015 Qedani Mahlangu, waziri wa afya wa jimbo la Gauteng, alitangaza kwamba mkataba utavunjwa. Hoja zilikuwa mbili: fedha, na sera ya kuwarudisha wagonjwa katika jamii. Sera hiyo si mbaya. Ni tunda la mapambano dhidi ya hospitali za kufungia watu, na sheria ya mwaka 2002 inaitambua. Lakini Esidimeni ilikuwa ikilipwa randi 320 kwa mgonjwa kwa siku, na mashirika yaliyochukua nafasi yake yaliahidiwa 112. Lugha ya ukombozi ilitumika kufunika punguzo la bei.

Onyo lilitoka Braamfontein, kabla ya maafa. SECTION27, shirika la wanasheria lililojipatia jina kutokana na kifungu cha katiba kinachohusu haki ya afya, lilikuwa na ofisi zake katika mitaa hiyo. Mwishoni mwa 2015 liliifikisha serikali ya jimbo mahakamani kwa niaba ya familia na vyama vya wataalamu wa afya ya akili, na makubaliano yakafikiwa kwamba hakuna atakayehamishwa bila mashauriano. Walihamishwa. Wengine walipakiwa katika magari ya wazi, wengine wakafungwa kwa mashuka, wengi bila faili na bila dawa za kutosha, wakapelekwa kwa mashirika ambayo Profesa Malegapuru Makgoba, mchunguzi wa malalamiko ya afya, aliyakuta hayana leseni halali. Ripoti yake ya Februari 2017 ilitaja vifo 94 na kuonya kwamba hesabu haijaisha. Walikufa kwa njaa, kukaukiwa na maji, kifafa kisichodhibitiwa na kichomi, ugonjwa uleule uliosababisha maabara ya kilimani kujengwa.

Usuluhishi ulioongozwa na Naibu Jaji Mkuu mstaafu Dikgang Moseneke ulifanyika Parktown, mtaa wa jirani, kuanzia Oktoba 2017. Ulisikiliza mashahidi 60. Uamuzi wa tarehe 19 Machi 2018 ulihesabu vifo 144, ukaamuru randi milioni 1.2 kwa kila dai, na kuitaka serikali ijenge mnara wa ukumbusho. Ndugu waliotoa ushahidi walieleza jambo ambalo hakuna mtafiti aliyelipima: walikuwa wakizunguka mji mzima wakiuliza mlango kwa mlango mtu wao yuko wapi, na waliowapata baadhi yao hawakuwatambua kwa kukonda. Julai 2024 Jaji Mmonoa Teffo, baada ya uchunguzi wa vifo uliochukua miaka mitatu, alisema kwamba Mahlangu na Dkt. Makgabo Manamela, aliyekuwa mkuu wa afya ya akili wa jimbo, wanaweza kuwajibishwa kwa vifo tisa. Uchunguzi wa namna hiyo haumtii mtu hatiani; kushitaki ni kazi ya waendesha mashtaka.

Katika uamuzi wa Moseneke imo hesabu nyingine, ya wagonjwa 44 ambao hawakujulikana walipo. Hao hawamo katika wale 144.