Kutoka Ridhaa hadi Malipo: Fedha na Wanariadha wa Afrika Mashariki katika Marathoni ya Boston, 1963–1991

Ushindi wa Ibrahim Hussein wa Kenya mjini Boston mwezi Aprili 1988 umeelezwa mara nyingi kwa hoja za maumbile: hewa ya nyanda za juu, wepesi wa mwili, na utoto wa kukimbilia shule. Maelezo hayo yana kasoro ya kihistoria. Nyanda hizo zilikuwapo tangu zamani. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekwisha kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960, alikimbia Boston mwaka 1963 na kumaliza wa tano. Ikapita robo karne nzima kabla ya Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Kilichobadilika katika kipindi hicho ni masharti ya kushiriki, na hasa suala la fedha.

Mbio za Boston zilianza mwaka 1897 zikiwa na wakimbiaji 15, chini ya Chama cha Riadha cha Boston. Kwa karibu miaka tisini mshindi aliondoka na shada la majani, medali, na sahani ya kitoweo cha nyama aliyoandaliwa kila mkimbiaji. Waandaaji waliiona ridhaa kuwa ndiyo roho ya mbio: karani na fundi walisimama mstari mmoja, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya ujira. Dai hilo la usawa halina budi kupimwa kwa kuwatazama wasiokuwapo. Wanawake hawakuruhusiwa rasmi hadi mwaka 1972. Kwa mkimbiaji wa Nandi au Dodoma, kikwazo kilikuwa nauli ya ndege kabla hajafikiria vilima vya Newton. Aliyeweza kugharimia safari mwenyewe ndiye aliyeweza kumudu kukimbia bure. Waliosalia walitegemea mwaliko, au ufadhili wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani. Hussein mwenyewe alisoma New Mexico.

Msimamo huo haukuvunjwa na huruma kwa wageni. Mapema katika miaka ya 1980 kanuni za kimataifa zililegezwa, na miji mingine ikaanza kuwalipa wakimbiaji mashuhuri. Mwaka 1984 Steve Jones wa Uingereza aliweka muda bora wa dunia Chicago, si Boston. Ndani ya chama chenyewe kulikuwa na mgogoro: mkataba wa udhamini uliosainiwa mwaka 1981 na mkurugenzi wa mbio ulifikishwa mahakamani, na mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ikaubatilisha. Mwaka 1985 Geoff Smith alishinda kwa saa 2:14:05, ilhali miaka miwili kabla mshindi alitumia 2:09:00. Hofu ya kupitwa ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1986, kwa udhamini wa kampuni ya bima ya John Hancock, zawadi za fedha zilitolewa kwa mara ya kwanza. Rob de Castella wa Australia alipata dola 30,000 pamoja na gari, na kuweka rekodi ya njia hiyo ya 2:07:51.

Miaka miwili baadaye Hussein alimaliza kwa 2:08:43, sekunde moja tu mbele ya Juma Ikangaa, ofisa wa jeshi la Tanzania. Kuanzia 1991, Hussein aliposhinda tena, hadi 2000, kila mshindi wa wanaume alikuwa Mkenya.

Hata hivyo, fedha peke yake haitoshi kuwa sababu. Zawadi zilezile ziliwekwa mbele ya Watanzania. Ikangaa alikuwa wa pili Boston kwa miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka 1989 alishinda New York kwa 2:08:01. Nchini Kenya, shule, majeshi, na baadaye kambi za mazoezi zilimpatia kila bingwa warithi wengi. Nyuma ya Ikangaa safu ilikuwa nyembamba. Gabriel Geay alishika nafasi ya pili Boston mwaka 2023, na Alphonce Simbu akaishika mwaka 2025. Hadi mwaka huo hakuna mwanamume wa Tanzania aliyekuwa ameshinda mbio hizo.