Seli changa na siri ya fuko wa Makueni
Fuko asiye na manyoya, achimbaye mashimo katika ardhi kavu ya Mtito Andei, kaunti ya Makueni, aweza kuishi zaidi ya miaka 30. Panya wa maabara ni nadra kufikisha minne. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walidunga seli-shina za misuli ya panya wachanga kwa wenzao wanaozeeka kabla ya wakati, wakaishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2023, wale wa Rochester walitangaza kwamba jeni ya fuko huyo, ilipopandikizwa kwa panya, iliongeza umri wao kwa takriban asilimia 4.4. Hata hivyo, tiba hizo hazijathibitishwa kuzuia uzee wa binadamu. Aziuzaye leo auza matumaini.