Mwaka 1960: Kahawa, Kura na Kadinali

Ndugu wana Izigo, mliopo nyumbani na mlio mbali, safari hii tumechagua kuwakumbusha mwaka mmoja tu, 1960. Ndio mwaka wa mwisho ambao Tanganyika iliumaliza wote chini ya Mwingereza. Walioupigia kura wanazidi kutuaga. Aliyekuwa na miaka 21 wakati ule amekwisha kuvuka 80.

Habari kubwa ya kwanza ilitoka Roma. Tarehe 28 Machi, Papa Yohane XXIII alimsimika Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo na Askofu wa Rutabo, kuwa Kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Rutabo ni pua na mdomo na kwetu. Mwezi Juni jimbo lake likapewa jina jipya, Jimbo la Bukoba. Nchi haikuwa na bendera yake, lakini ilikuwa na mtu wa kumchagua Papa.

Agosti ukafika uchaguzi. Katika ule wa kura tatu wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Mara hii ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75, yaani shilingi 1,500. Mlango ulipanuka, ingawa bibi zetu wengi waliopalilia hiyo kahawa walibaki nje. TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na viti 58 havikuwa na mpinzani. Mapema Septemba Mwalimu Nyerere akawa kiongozi wa serikali.

Kwetu siasa haikuanza na TANU. Ilianzia kwenye buni. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba waligomea kanuni za serikali juu ya mibuni yao, na mwaka 1950 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, BNCU. Mtu aliyezoea kusimama kwenye mkutano wa chama cha msingi na kuuliza mizani inasemaje hakuona ajabu kumuuliza Gavana. George Kahama alitoka kwenye umeneja wa BNCU, na kufikia 1959 alikuwa waziri. Ali Migeyo naye alikwisha kuonja jela kwa ajili ya siasa.

Nyumbani maisha yalikwenda kwa kibanja: migomba, mibuni, maharage chini yake, na senene msimu wao. Wavulana walicheza kandanda pekupeku kwa mpira wa majani makavu ya migomba. Timu ya Tanganyika iligombea Kombe la Gossage na Kenya, Uganda na Zanzibar, lakini kwenye Olimpiki ya Roma Septemba ile haikuwepo. Ilikwenda mara ya kwanza Tokyo, 1964. Aliyeshinda marathoni Roma ni Abebe Bikila wa Ethiopia, naye pekupeku. Vijana wetu wangemwelewa.

Mwenye picha, kadi ya TANU au stakabadhi ya kahawa ya miaka ile aje nayo siku ya harambee. Tutainakili na kumrudishia palepale. Mwenye mzee anayekumbuka, tafadhali aje naye.