Inkiranya Haipigi Peke Yake

Sisi Warundi tuna neno moja, ingoma, ambalo ni ngoma na pia ni ufalme. Zamani haikupigwa ovyo. Ilipigwa kwa heshima ya mwami, na wakati wa umuganuro, sikukuu ya mtama. Kule Gishora, karibu na Gitega, kuna familia zilizorithishana kazi hiyo. Hata mti wenyewe unaitwa umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme.

Ukisikia kwa mbali utadhani wote wanapiga kitu kimoja. Sio hivyo. Ngoma hupangwa nusu duara, na idadi yake haigawanyiki kwa mbili. Wapigaji wa amashakwe wanashika mdundo mmoja mwanzo mpaka mwisho, hawabadilishi kitu. Wa ibishikizo wanaifuata inkiranya, ngoma ya katikati, na huyo wa katikati ndiye anageuza mambo. Midundo inakwenda pamoja na hakuna unaoufuta mwingine. Amashakwe wakiteleza, fundi wa katikati naye anapotea, hata awe hodari vipi.

Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma zilibaki. Mwaka 2014 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Halafu Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais: wanawake wasipige ngoma hizi, wao wabaki na ngoma zao za kucheza. Kumbe vikundi vya wasichana vilikuwa vimeshaanza kupiga.

Hapa kambini amri hiyo haina askari, ila ina wazee. Mwaka jana binti wa miaka 14 aliniomba ajiunge na kikundi chetu. Nikampeleka kwa mzee anayetufundisha. Akasema, "Mwanangu, mila ni mila." Nilikwama. Bila huyo mzee, sisi vijana tusingejua hata ngoma ipi inaitwaje. Nikimkosea, nani atatufundisha? Nikinyamaza, nitamwambia nini binti?

Sikubishana. Jumamosi iliyofuata binti alikuja na dumu tupu la maji, akakaa nyuma yetu, akaanza kupiga amashakwe. Mzee hakugeuka. Tulipiga kama nusu saa hivi.

Mwishoni binti akaanza kuharakisha. Mzee, bado ametupa mgongo, akasema, "Wewe wa nyuma, usikimbie. Wenzako wanakutegemea."

Jumamosi hii atakuja tena. Mimi namtafutia ngoma.