Namna ugonjwa wa siliaki ulivyojulikana

Ugonjwa wa siliaki uliwasumbua waganga wa Ulaya kwa miaka mingi. Mtoto anakula vizuri, lakini anahara, tumbo linavimba, mwili unakonda. Wengi walikufa.

Huko Uholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke alianza kushuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha, kati ya 1944 na 1945, jeshi la Wajerumani lilizuia chakula. Mkate ukakosekana, na watu karibu 20 000 wakafa kwa njaa. Lakini Dicke aliona watoto wenye siliaki wanapata nafuu; mkate uliporudi, wakaanza kuhara tena. Si njaa iliyowasaidia, ni kukosa ngano. Mwaka 1950 alitoa utafiti wake Utrecht.

Mpaka leo tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Asiyeacha anaweza kupungukiwa damu na mifupa kudhoofika.

Bugali wa mihogo au mahindi, mchele na maharagwe havina shida. Mkate, chapati, mandazi na biskuti nyingi, hata za msaada, zina ngano.

Wazazi mlio kambini, kuhara kuna sababu nyingi. Kukiendelea kwa majuma, mpelekeni mtoto kituo cha afya, mkaeleze anachokula. Msimwachishe ngano kabla ya kupimwa damu, maana kipimo kinaweza kushindwa kuonyesha ugonjwa.