Ngamia Mia Moja

Anayetaka kuona dini na mila zilivyochanganyika Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla asianzie msikitini. Aanzie chini ya mti, wazee wa Kisomali wanapoamua fidia ya mtu aliyeuawa. Fidia hiyo, mag, kwa kawaida ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Ni hesabu ya fikihi ya Kiislamu, na Azimio la Modogashe la mwaka 2001, makubaliano ya amani ya jamii za eneo hilo, liliirudia, likiruhusu pia ng'ombe. Lakini tazama nani analipa. Ukoo mzima huchanga, huyu jike, yule dume (na ubishi juu ya mnyama aliyekonda haukosi), na ukoo wa marehemu hugawana. Hiyo ni xeer, sheria ya mila ya wafugaji.

Kuna atakayepinga: Uislamu nao unaitambua akila, yaani jamaa wa upande wa baba wanaobeba fidia, basi mchanganyiko uko wapi? Uko kwenye kuua kwa makusudi. Hapo mafakihi humtwisha muuaji mwenyewe deni, na malipo huwaendea warithi. Xeer huwatwisha ndugu zake vilevile. Nyikani desturi hiyo ina uzito, kwani asiye na ukoo wa kumdhamini hana usalama kisimani. Wala dola haikukaa kando. Katiba ya Kenya ya 2010 imewaachia makadhi ndoa, talaka na mirathi, si mauaji. Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kulipana ngamia na mbuzi.